Banda la Farasi Lisilokuwapo Lubumbashi

Majumba ya kale ya Ulaya yamebaki na alama za gari la farasi: pete ya chuma ukutani ya kufungia hatamu, jiwe la kupandia, lango pana la kupitishia gari. Mjini London, vichochoro vya mabanda ya farasi nyuma ya nyumba za matajiri vimegeuka makazi ya bei ghali. Aliyezoea alama hizo akifika Lubumbashi, akasimama mbele ya Maison Wangermée, nyumba ya siku za mwanzo za mji, atatafuta banda la farasi uani. Akiona chumba chochote kirefu cha nyuma, atashawishika kukiita hivyo. Nasema atakuwa amekosea, na kosa lake linaficha historia nzito kuliko ya farasi.

Mbung'o ndiye aliyeamua. Katika miaka ya 1890, David Bruce alionyesha huko Zululand kwamba inzi huyu hueneza nagana, ugonjwa unaoua farasi na ng'ombe. Katika sehemu kubwa ya Katanga, eneo lenye Lubumbashi, basi, mzigo ulisafiri kichwani na begani mwa watu, na mkubwa wa Kizungu alibebwa kwa machela. Kisha reli kutoka kusini ikapita Sakania na kufika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa. Motokaa nazo hazikukawia. Mji ulitoka begani ukaingia kwenye gari la moshi; zama za gari la farasi zilizojenga mabanda ya Ulaya hazikupata nafasi.

Wapo watakaosema: mbona barabara za katikati ya mji ni pana, kama za Bulawayo, zilizopimwa ili gari la maksai ligeuke? Hoja hiyo ina uzito, lakini ramani ya mji huweza kuigwa mbali na wanyama walioizaa. Wengine watataja ng'ombe wa uwanda wa Biano, huko huko Katanga, na Wazungu waliopanda farasi. Ni kweli, mbung'o hakuenea kila mahali. Ila farasi wa kupandwa kwa starehe si usafiri wa mji, wala hadai lango la gari mbele ya kila nyumba.

Tazama tena uani. Kile chumba cha nyuma, mbali na nyumba kubwa, ni boyerie, alipolala mtumishi. Mahali ambapo tajiri wa Ulaya aliweka farasi na mwendeshaji wake, hapa aliwekwa mtu peke yake, maana nguvu iliyotegemewa ilikuwa yake. Hata leo pusupusu, mkokoteni unaosukumwa na mtu, hupeleka magunia sokoni. Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba za kale za mji huu: kabla ya kubomoa boyerie, ipigeni picha, ipimeni, na andikeni ilikuwa ya nani. Msiipe jina la banda la farasi.