Somo la Redio: Pikipiki Katika Njia Mbaya

Aliye nyuma na asogee karibu na redio. Leo tutajifunza juu ya pikipiki. Najua yuko atakayesema, "Mimi nimeijua pikipiki zamani." Vema. Lakini kwenda katika lami ni jambo moja, na kuteremka mlima wenye changarawe, na abiria yuko nyuma, ni jambo jingine.

Tuanze na mteremko, maana hapo huumia wengi. Pikipiki ina breki mbili. Ya mbele iko mkono wa kulia, ya nyuma iko mguu wa kulia. Katika lami breki ya mbele ina nguvu zaidi. Kwa sababu gani? Ukifunga breki, uzito huja mbele, na tairi la mbele hukandamizwa likashika barabara vizuri. Juu ya changarawe mambo hugeuka. Vijiwe huviringika chini ya tairi kama punje za mahindi sakafuni. Ukibana breki ya mbele kwa ghafula, gurudumu huacha kuzunguka, huteleza, na usukani haukutii tena. Utakuwa chini kabla hujajua.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuanza kuteremka, tia gea namba 2. Penye mteremko mkali sana, namba 1. Injini yenyewe itazuia mwendo. Breki ya nyuma ikanyage kidogo kidogo, ya mbele iguse kwa vidole viwili tu. Kaa nyuma kidogo. Wako wanaoteremka na gea huru ili kuokoa petroli. Petroli ya mteremko mmoja haijazi hata kikombe, na breki zikipata moto sana hupoteza nguvu. Mimi sipandi nyuma ya mtu wa jinsi hiyo.

Ukipanda mlima, tia gea ndogo mapema, uiname mbele. Injini ikizimika katikati, shika breki, abiria ashuke kwanza.

Katika mchanga usukani huchezacheza. Mgeni huogopa, akakata mafuta, na gurudumu la mbele likazama. Wewe usikate kwa ghafula. Rudisha uzito nyuma, legeza mikono, tazama mbali. Ukitazama shimo, utaingia shimoni.

Udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha, hunata na kujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likwame. Hapo hakuna ufundi. Shuka, uung'oe kwa kijiti, au ungoje jua.

Na mto je? Shikeni rula zenu. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimeta 15, yaani nusu ya rula ndefu, yaweza kumwangusha mtu mzima aliyesimama. Tena maji ya matope huficha mashimo. Usiingie. Ngoja yapungue, hata abiria akinung'unika kwamba amechelewa.

Sasa zoezi. Nenda kwenye uwanja wa udongo usio na watu, kofia ngumu kichwani, kamba imefungwa. Chora mstari kwa majivu. Njoo polepole na gea namba 2, na ufikapo mstarini funga breki ya nyuma peke yake. Rudia, ukitumia breki zote mbili taratibu. Kila mara hesabu hatua kutoka mstarini mpaka uliposimama, uziandike katika daftari. Tutazisoma Alhamisi. Kwaherini.