Mgahawa wa hadhi si giza: nuru ishuke mezani

Mgahawa wa hadhi haujulikani kwa viti na vitambaa vya meza pekee. Hujulikana pia kwa nuru yake. Sisi wa kamati ya msikiti tulijifunza hayo kwa gharama, baada ya kufungua mgahawa wa wakfu hapa Bukoba ili kipato chake kilipe posho za walimu wa madrasa.

Mji wetu uko karibu na ikweta, na jua huzama takriban saa moja jioni mwaka mzima. Tangu Maghrib, basi, ukumbi hutegemea taa. Mwanzoni tulijaza dari taa nyeupe za mirija. Matoke yakaonekana ya kijivu, na wageni wakala haraka wakaondoka. Tukashauriwa kuiga kumbi za kifahari: tukazima karibu zote, tukabakiza vitaa vya rangi ukutani. Giza tukaliita heshima.

Usiku mmoja mama alikuwa akimchambulia mwanawe sato. Mwiba hakuuona, ukamkwama mtoto kooni. Alhamdulillahi, ulitoka salama. Baba wa familia ile akatuambia: "Katibu, mgeni akipewa chakula, apewe na nuru ya kukionea." Hatukuwa na jibu.

Tukakumbuka msonge wa wazee wetu Wahaya. Ndani yake moto ulimulika pale watu walipoketi, kwingineko kukabaki kivuli cha utulivu. Kwa kanuni hiyo, tukaanza upya na fundi umeme.

Kwanza, rangi ya mwanga, ambayo hupimwa kwa kelvini. Balbu ya 2700 hutoa mwanga wa manjano unaokaribia ule wa kandili. Ya 6500 ni nyeupe ya kubaridi. Tukachagua ya 2700. Pili, uaminifu wa rangi, ambao ukomo wake ni 100; panapoliwa chakula, tafuta balbu ya 90 au zaidi, ili samaki na mboga vionekane vilivyo. Tatu, mahali. Taa moja yenye kifuniko ikaning'inizwa juu ya kila meza, kiasi cha sentimita 75, ili imulike sahani bila kuchoma macho. Nne, swichi ya kupunguza mwanga. Lakini balbu nazo ziwe za aina inayokubali kupunguzwa, la sivyo zitapepesa. Penye ngazi, jiko na mahali pa kunawia mikono, mwanga ubaki mkali.

Umeme haukututisha: balbu ya LED ya wati 9 humulika karibu sawa na ile ya zamani ya wati 60.

Leo familia huketi hadi karibu na Isha, na posho za walimu hazikawii kama zamani. Nawe unayejenga mgahawa, kabla hujanunua taa za bei kubwa, keti usiku katika kiti cha mgeni, uwekewe sato mbele yako, kisha utazame kama unaiona miiba yake.