"Njoo Kesho" Imehamia Kwenye Simu

Watu wazima wanaikumbuka vyema kauli ya "njoo kesho". Ilikaa madirishani mwa ofisi zetu kwa miaka mingi, ikatamkwa na makarani wa kila cheo, na viongozi wa kila ngazi wakaikemea. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulifikia hatua ya kuwakataza viongozi ufedhuli na dharau mbele ya watu, na wafanyakazi viwandani wakaushika kama ngao. Hata hivyo, karani yule wa dirishani alikuwa na sifa moja ambayo leo tunaitamani: alionekana. Mwananchi aliweza kumtazama usoni, kumwuliza jina lake na, ikishindikana kabisa, kukaa juu ya benchi mpaka mkubwa wake apite. Siku hizi dirisha limefungwa, na mahali pake pamebandikwa namba ya simu.

Naandika haya nikiwa Tosamaganga, mkoani Iringa, ambako nimekuwako kwa muda sasa katika kazi za Chama. Kwa ndugu zangu wa Visiwani ambao hawajajaaliwa kufika huku, hapa ni mahali pa miinuko na baridi kali ya Juni na Julai, si mbali na Kalenga, ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa hadi Wajerumani walipoivunja mwaka 1894. Pana misheni kongwe, hospitali inayotegemewa na vijiji vingi, na skuli ya sekondari ambayo jina lake linajulikana nchi nzima. Wenyeji ni Wahehe, watu wasiopenda mzaha katika jambo la ahadi. Hakuna shauri linaloanza kabla ya "kamwene", na mtu anayeanza na haja yake kabla ya salamu huhesabiwa kuwa hakulelewa.

Katika ushirika mmoja wa akiba na mikopo wa huku mimi ni mjumbe wa kamati. Wanachama wake ni wakulima wa mahindi na maharage, walimu, wauguzi na wastaafu. Hesabu zao zote zilikuwa zikiandikwa kwa mkono katika leja. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 na ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 zinadai hesabu zilizonyooka, na mkaguzi akija hataki kusikia kwamba ukurasa umelowa mvua. Basi kamati ikakata shauri la kununua programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za wanachama. Muuzaji yuko Dar es Salaam. Sitamtaja, kwa kuwa sioni kwamba yeye ni mbaya kuliko wenzake, na wala bei yake haikuwa imetangazwa popote. Palikuwa na agizo moja tu: piga simu.

Tukapiga. Sauti iliyorekodiwa ikatukaribisha kwa Kiingereza, ndipo ikakumbuka Kiswahili. (Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sauti ile bado haijapata habari.) Bonyeza moja kwa mauzo, bonyeza mbili kwa ufundi, bonyeza tatu kwa malipo. Ukibonyeza moja unapigiwa muziki. Muziki huo msikilizaji anaulipia mwenyewe, maana namba ni ya kawaida, wala si zile za 0800 ambazo mpigaji hatozwi. Baada ya muziki akapokea kijana mwenye adabu nzuri, akamwita katibu wetu "mteja wetu mpendwa", ingawa katibu huyo ni mwalimu mstaafu aliyestahili shikamoo. Akaahidi ankara. Ankara ikaja baada ya siku nne, tukalipa benki siku ileile, na kuanzia hapo adabu ikabaki ileile lakini kazi ikasimama.

Katika majuma matano tulipiga simu kumi na moja. Kila mara alipokea mtu mwingine, na kila mara tulianza hadithi upya tangu mwanzo: sisi ni nani, tumelipa lini, kiasi gani, tumeambiwa nini na nani. Mtaalamu alikuwa nje. Mtaalamu alikuwa kwenye kikao. Mtaalamu angepiga yeye mwenyewe saa nane mchana. Hakuna aliyetupa namba ya lalamiko letu, na hakuna aliyekuwa na daftari mbele yake la kumwonesha kwamba jana mwenzake alikwisha kuahidi.

Inafaa msomaji aelewe kitu kinachouzwa hapa, kwa sababu ugumu wote umetokana nacho. Anayenunua gunia la maharage huliona gunia, hutia mkono ndani, akikuta dudu humrudishia mwenyewe. Anayenunua programu hanunui kitu cha kushika. Hununua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo hufunguliwa kwa ufunguo ambao si chuma bali ni mfululizo wa herufi na tarakimu. Wetu ulikuwa na herufi na tarakimu ishirini na tano. Zikikosewa moja tu, kompyuta haifunguki. Zikikosewa mara kadhaa, inajifunga, na hapo mteja anatazamwa kama mwizi wa mali aliyoilipia.

Ufunguo wetu ulipaswa kuja kwa barua pepe, haukuja, hatimaye ukasomwa kwa simu. Yaliyotokea hapo yamenipa mengi ya kufikiri. Kijana wa Dar es Salaam alizitaja herufi kwa Kiingereza. Katibu wetu, aliyewafundisha watoto kusoma kwa miaka mingi, alizisikia kwa Kiswahili. Yule akisema A ya Kiingereza, huku inasikika "e". Akisema E, huku inasikika "i". Akisema I, huku inasikika "ai", nayo huandikwa kwa herufi mbili. Hivyo irabu tatu kati ya tano zilibadilishana viti kati ya Dar es Salaam na Iringa. Ongeza B na D na P zinazofanana katika simu inayokwaruza, M na N, sifuri na O, kisha Q na X ambazo maneno ya Kiswahili hayazitumii kabisa. Mara tatu ufunguo ulikataa. Mara ya nne kompyuta ikaandika kwamba leseni imekwisha kutumika, na kijana akatuarifu, kwa adabu yake ileile, kwamba ipo ada ya kuifungua upya.

Sisi tuliosomeshwa chuoni kabla ya skuli tunajua namna nyingine ya kupokezana herufi. Mwalimu hakukuruhusu kuipita bee kwenda tee kabla hujaitamka mbele yake, ukaeleza nukta yake iko chini na ni moja, kisha ukaitia fatha, kisra na dhumma, akaridhika kwa masikio yake mwenyewe. Herufi haikuhesabiwa kuwa imefika hadi aliyepokea airudishe kwa aliyetoa. Marubani na mabaharia wa dunia nzima hufanya vivyo hivyo: tangu mwaka 1956 wana orodha moja ya maneno, kila neno likisimama badala ya herufi yake, ili mtu wa Brazil na mtu wa Japan wasipotezane angani. Ni gharama gani itakayomfika muuzaji wa Dar es Salaam akimfundisha mpokea simu wake kusema A ya Arusha, B ya Bububu, C ya Chake Chake, D ya Dodoma, E ya Embe? Kazi hiyo ni ya alasiri moja. Baraza la Kiswahili la Taifa likishirikiana na wenzao wa Zanzibar wanaweza kuitoa kwa ukurasa mmoja, na ofisi zote zikaitumia.

Huku nyuma mambo ya watu yalikuwa yakingoja. Mvua za Iringa huanza kati ya Novemba na Desemba, na mkulima huhitaji mkopo wa mbegu na mbolea kabla ya hapo, si baadaye. Leja zilikuwa zimekwisha kufungwa ili salio zihamishiwe kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa imejifunga. Mama mmoja mjane alikuja mara tatu kwa miguu kuuliza salio la hisa zake ili ajue anaweza kukopa kiasi gani. Mara zote tatu tulimjibu kwamba bado, aje kesho. Tukalisema sisi wenyewe, neno lilelile, kwa sababu mtu tusiyemjua alikuwa ametuambia sisi.

Sipendi lawama zote ziwaendee vijana wanaopokea simu. Nimewasikiliza kwa makini. Hawana uongo wa makusudi. Wana karatasi ya maneno ya kusema na hawana madaraka yoyote. Hawawezi kurudisha fedha, hawawezi kutoa ufunguo mpya, na mtaalamu mwenyewe hawawezi kumwamuru hata ashike simu. Aliyewaweka pale anajua hayo vizuri. Amewaweka wawe ukuta wenye sauti laini, ili hasira ya mteja iishie kwao isimfikie yeye.

Taifa letu lilikwisha kuumizwa na kompyuta zamani. Wizara ya Fedha ilipata ya kwanza mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo nchini, sababu mojawapo ikiwa hasara na vurugu zilizotokana na jaribio la kuziweka hesabu za Serikali ndani yake. Wapo wanaoucheka uamuzi ule, na Wazanzibari wenye umri hupenda kukumbusha kwamba katika miaka hiyohiyo wao walikuwa na televisheni ya rangi. Marufuku yalikuja kulegezwa, na ilikuwa haki. Lakini shida iliyoyazaa haikuwa mashine. Ilikuwa kutegemea mtaalamu wa mbali ambaye hayupo siku inapoharibika, na shida hiyo haikuondolewa kwa kulegeza marufuku.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu na upotoshaji katika biashara. Zanzibar ina yake ya mwaka 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji. Na ipo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu wa kupokea malalamiko dhidi ya makampuni ya simu, posta na utangazaji. Muuzaji wa programu si mojawapo ya hayo. Anatumia simu kama sisi. Wenzetu wa Uingereza waliona kwamba sheria zao za kuuza gunia na meza hazilitoshi jambo hili, na katika sheria yao ya haki za mlaji ya mwaka 2015 wakaipa bidhaa ya kidijitali sehemu yake, wakaeleza nini kifanyike isipofanya kazi: irekebishwe, au bei ipunguzwe. Waheshimiwa wanaotunga sheria, Dodoma na Chukwani, wangelitazama jambo hilo, na wakilitazama wasisahau muuzaji anayepokea fedha kwa simu bila kutoa jina la mtu wala namba ya shauri.

Naliandika hili katika gazeti linalosomwa na watendaji kwa sababu Serikali nayo sasa inahudumia kwa mifumo. Bara ipo Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na Visiwani ipo yao. Sheha wa Makunduchi au wa Micheweni mfumo ukimkwama atapiga simu mjini, na wananchi watakuwa wamesimama mlangoni kwake wakimtazama yeye, si yule wa mjini. Kabla mfumo mpya haujazinduliwa, mkurugenzi na apige mwenyewe namba ya msaada, kwa salio lake, asijitambulishe, asikilize muziki mpaka mwisho.

Ada ya kufungua upya tuliilipa, kwa kuwa mvua haikungoja. Programu inafanya kazi. Katibu bado anaandika leja kwa mkono kila jioni, na kamati haikumkataza. Barua ya kudai ada hiyo irudishwe tumeipeleka kwa rejesta kutoka posta ya Iringa. Jibu halijaja, na stakabadhi ya posta imo katika jalada la ushirika.