Je, Wajua? Sabuni humchanganya samaki dume

Je, wajua kwamba samaki dume anaweza kuanza kutengeneza kiini cha yai? Yai lenyewe hana, lakini ini lake linafanya kazi hiyo hivyo hivyo.

Hayo yalionekana Uingereza miaka ya 1990, katika Mto Aire huko Yorkshire. Watafiti waliwaweka trauti madume ndani ya vizimba, chini kidogo ya pale majitaka yaliyosafishwa yanapoingia mtoni. Baada ya wiki chache wakapima damu. Wakakuta vitelojenini tele, protini ya kiini cha yai ambayo kwa kawaida ni ya majike waliopevuka. Korodani nazo zilikuwa zimedumaa.

Mshukiwa mkuu alikuwa nonilifenoli. Viwanda vya sufu vya eneo hilo viliosha manyoya ya kondoo kwa sabuni za kemikali. Bakteria wakizivunja sabuni hizo, hubaki nonilifenoli, na mwili wa samaki huidhania kuwa estrojeni, homoni ya kike. Kinachokera ni kwamba uvunjaji huo ulifanyika humo humo kwenye mitambo ya kusafisha majitaka! Povu limekwisha, maji yanang'aa, sumu imo.

Sabuni haiko peke yake. Homoni za vidonge vya uzazi wa mpango nazo hufika mtoni, kupitia mkojo wetu.

Viwanda vya Aire vilipopunguza kemikali hizo, vitelojenini katika damu ya madume ilishuka. Umoja wa Ulaya ulizibana rasmi kuanzia 2005.