Uzi ukikataa kupita kwenye sindano, usiseme macho yamekwisha

Ukiingia sebuleni katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, kabla hujaketi unaiona kazi ya mikono ya mwenye nyumba. Kitambaa cha kroshia kiko mgongoni mwa kila kochi, kingine kimefunika meza, kingine kimetandikwa juu ya televisheni. Chumbani pengine kuna shuka la viraka, limeungwa kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani. Wengi walijifunza kwenye somo la sayansi kimu au kwa shangazi zao, wakaendelea kwa sababu wanaipenda tu. Mvua ya Bukoba ikianza, na mvua ya kwetu haina haraka ya kuondoka, hiyo ndiyo kazi ya kukaa nayo barazani.

Lakini nikimuuliza mama wa miaka 45 au 50 aliyekuja kwangu kwa kukosa usingizi na mawazo mengi anafanya nini akiwa nyumbani, jibu moja nalisikia mara nyingi mno: "Zamani nilikuwa nafuma, daktari. Siku hizi macho yamekwisha." Wiki hii tuzungumze juu ya jibu hilo, kwa sababu kwa wengi wanaolitoa si kweli.

Ndani ya jicho kuna lenzi laini inayobadilika umbo. Ukitoa macho kilimani na kuyaleta kwenye sindano, lenzi hiyo hunenepa kidogo ili uone karibu. Miaka inavyokwenda inakuwa ngumu, na mtu akifika 40 hivi ugumu huo unaanza kujulikana. Unasogeza kazi mbali na uso mpaka mkono hauna pa kwenda. Unahesabu vishimo vya kroshia mara mbili na kupata majibu mawili. Kichwa kinauma jioni. Sisi madaktari tunaiita presbiopia. Ni mabadiliko ya umri kama mvi, na karibu kila mtu humfikia. Utafiti uliofanywa vijijini hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta watu 6 hivi kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi wanayo tayari.

Tiba yake ni miwani ya kuonea karibu. Na hapa jina limetuponza. Tumezoea kuiita "miwani ya kusomea", basi mama ambaye hasomi gazeti wala kitabu anaona haimhusu. Inamhusu sana. Anachambua mchele, ananyonyoa senene, anasoma ujumbe wa pesa kwenye simu, anapima dawa ya mjukuu kwenye kijiko. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka mashamba ya chai ya Assam, India. Wachumaji wa miaka 40 na zaidi waligawanywa makundi mawili, moja likapewa miwani ya karibu. Waliopewa waliongeza chai waliyochuma kwa kiasi cha asilimia 22 zaidi ya wenzao. Kuchuma chai si kazi ya kusoma. Kudarizi kunahitaji macho kuliko hiyo.

Namba za miwani zinapanda na umri. Anayekaribia miaka 45 mara nyingi hutoshwa na +1.00 au +1.50, wa miaka 50 na kitu huhitaji +2.00, na wa 60 kama +2.50. Ukienda kuijaribu, nenda na kitambaa chako na sindano yako. Kaa unavyokaa ukifuma, kazi ikiwa umbali wa sentimita 35 hadi 40 kutoka usoni, uone kama tundu la sindano linaonekana bila kukaza macho. Usichukue namba kubwa ukidhani ndiyo bora, itakulazimisha kuinama. Mara nyingi miwani hii ni nafuu kuliko doti moja ya kitenge. Na haiharibu macho. Wanaosema "ukianza kuvaa huachi" wanachanganya mambo: lenzi itaendelea kuwa ngumu uvae usivae, tofauti ni kama utakuwa unaona au huoni.

Hata hivyo, usinunue miwani ya mezani sokoni ukaishia hapo kama hujawahi kupimwa. Si kila ukungu ni umri. Jicho moja likiwa baya kuliko lingine, ukiona duara za rangi kuzunguka taa, ukijikwaa kwenye vitu vilivyo pembeni, macho yakiuma na kuwa mekundu, au kuona kukipungua ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Aliye na ndugu mwenye presha ya macho naye apimwe, maana presha ya macho huiba uoni kimyakimya, na kilichopotea hakirudi. Mtoto wa jicho, kwa upande wake, huondolewa kwa upasuaji mfupi. Walio Bukoba mjini waanzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Walio Muleba waulizie Rubya, Kagondo au Ndolage siku ambayo mtaalamu wa macho anapatikana, kabla ya kutumia nauli.

Naomba pia usitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama, wala dawa ya matone aliyoandikiwa jirani. Baadhi ya matone yana steroidi, na yakitumiwa kiholela huleta hiyo hiyo presha ya macho.

Tatizo jingine ni mwanga. Nyumba zetu nyingi zimezungukwa na migomba, ndani kuna kiza saa nne asubuhi. Toa kiti barazani. Kama ni usiku, taa ielekezwe kwenye kazi kutoka upande wa pili wa mkono unaoshika sindano, ili kivuli cha mkono kisiangukie unaposhona. Kudarizi kwa kibatari acha kabisa. Moshi wake unawasha macho, na kitambaa karibu na moto ni ajali inayosubiri.

Kwa nini nang'ang'ania jambo linaloonekana dogo? Kwa sababu ninaona kinachopotea mtu akiacha. Mwaka 2013 watafiti walichapisha majibu ya wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali, na waliofuma mara kwa mara zaidi ndio waliosema zaidi kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha. Niseme wazi kwamba hao walikuwa wapenzi wa kufuma wakijieleza wenyewe, hivyo haithibitishi kuwa kroshia ni dawa. Mtu mwenye sonona, asiyelala wala kula kwa wiki mbili au anayewaza kujidhuru, anahitaji daktari. Lakini mkoa huu ndio ulioripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na bibi wengi wa Kagera walizika watoto wao wakaanza tena kulea. Wapo akina mama ambao saa ya kushona na wenzao ndiyo saa pekee katika siku nzima ambayo hakuna anayewadai kitu. Kuwaambia waiache kwa sababu ya miwani tu, mimi siwezi.

Mikono nayo ina mipaka. Ukiamka usiku dole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo cha mkono. Huwapata zaidi wajawazito na wenye kisukari. Pumzika kila baada ya nusu saa, kunja na kukunjua vidole, na zungushia kitambaa mpini wa sindano ya kroshia uwe mnene, maana kushika kitu chembamba kwa nguvu ndiko kunakochosha. Ganzi isipoisha kwa wiki chache, au ukianza kuangusha vikombe, njoo tukuone. Ukikaa mkekani, egemea ukuta na uweke mto mapajani ili kazi ipande juu. Shingo yako isiishukie.

Sindano zihesabiwe kabla ya kuinuka, hasa penye mtoto anayetambaa. Iliyopotea itafutwe kwa sumaku ya spika mbovu, inafanya kazi vizuri.

Na kwa anayesubiri siku ya kliniki ya macho: weka karatasi nyeupe nyuma ya sindano unapotia uzi mweusi, nyeusi unapotia mweupe, na ukate ncha ya uzi kwa mshazari badala ya kuilamba. Au mpe mjukuu kazi akitoka shule, akutilie nyuzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka kwenye mto mdogo. Hizo zinatosha mpaka Jumapili.