JINA JEMA NI HAKI YA MTOTO

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha Nabii Adam majina ya vitu vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mlio misikitini na mnaotusikiliza majumbani. Kule Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, mashamba ya vitunguu yamekusanya watu wa asili nyingi: Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw, Waisanzu, Wasukuma na wengineo. Mahali kama hapo utamsikia Tluway, jina ambalo kwa Kiiraqw ni mvua. Utawasikia Kulwa na Doto, mapacha wa Kisukuma, na Shija aliyezaliwa baada yao. Tena Hamisi wa siku ya Alhamisi, na Chausiku aliyezaliwa usiku. Basi huulizwa: Je, ni lazima Mwislamu awe na jina la Kiarabu? Na anayesilimu, je, alitupe jina alilopewa na baba yake?

Jawabu ni kwamba sheria hutazama maana ya jina, haitazami lugha yake. Majina ya Mitume Ibrahim, Musa na Yusuf asili yake si Kiarabu. Na sahaba kama Sayyidna Umar na Khalid bin Walid waliingia katika Uislamu na majina yao yaleyale, kwa kuwa hayakuwa na ubaya. Linalokatazwa ni jina la kumfanya mtu mja wa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, au lenye maana mbaya. Bora ya majina, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), ni Abdallah na Abdurrahman. Na katika Suratul Ahzab, aya ya 5, tumeamrishwa kuwaita watu kwa baba zao. Kwa hiyo aliyesilimu akachagua jina jipya asifute la mzazi wake. Abdallah mwana wa Tluway ni Mwislamu kamili.

Mtume (S.A.W.) alimbadilisha jina binti wa Sayyidna Umar aliyeitwa Asiya, yaani muasi, akamwita Jamila, yaani mzuri. Akina mama wenye jina la Asia wasifadhaike: jina la mke wa Firauni, yule mwanamke mwema, kwa Kiarabu huandikwa kwa herufi nyingine na maana yake ni nyingine. Mtu mwingine aliitwa Hazn, yaani ardhi ngumu. Mtume akataka kumwita Sahl, yaani wepesi, naye akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, alisema kwamba ugumu haukuwatoka watu wa nyumba yao.

Tutazame basi majina tunayowapa wanetu: Shida, Tabu, Mashaka, Matatizo. Mzazi alikuwa na uchungu wake, pengine njaa, pengine ugomvi wa ndoa. Lakini uchungu ule hupita, na mtoto huitwa kwa uchungu huo shuleni, kazini, hata siku ya harusi yake. Mzazi huyo angeweza kuihadithia siku ileile kwa shukrani: Subira, Faraja, Riziki, Rehema. Na aliyekwisha kupewa jina zito asichekwe. Ana ruhusa ya kulibadilisha.

Jambo la mwisho ni ulimi. Suratul Hujurat, aya ya 11, inatukataza kuitana kwa majina ya kejeli. Wadatoga huitwa na wengi Mang'ati, neno lililotoka kwa Wamasai, maana yake adui. Vipi utamwita jirani yako adui, kisha umtolee salamu ya amani? Mwite kwa jina analojiita mwenyewe.

Basi siku ya saba, tunapochinja akika, tuulize kwanza maana ya jina, ndipo tumwite mtoto. Ewe Mola wetu, yafanye majina ya watoto wetu kuwa mema, na matendo yao yawe mema zaidi. Amin.