Lori la jeshi likistaafu, linaingia uwanjani

ACHANA na Dakar, kule ambako lori moja la mashindano linafuatwa na msururu wa magari ya spea na mafundi kibao. Huko Jamhuri ya Czech kuna mchezo wa malori ambao bingwa anaweza kwenda taratibu kuliko bibi anayerudi sokoni na kapu kichwani. Na gari lenyewe, mara nyingi, lilibeba wanajeshi kabla dereva wake hajazaliwa.

Wenyewe wanauita truck trial. Unachezwa pia Ujerumani, Austria na Ufaransa, ila Wacheki wana wazimu nao wa aina yake. Uwanja ni machimbo ya kokoto, au eneo ambalo jeshi lilikuwa likifanyia mazoezi. Zinasimikwa fito mbili mbili, kila jozi ni mlango, na lori lipite katikati. Mlango mmoja uko kwenye ukingo wa korongo, mwingine juu ya kilima ambacho hata mbuzi angefikiria mara mbili.

Ukigusa fito, pointi. Ukirudi nyuma kujipanga upya, pointi. Na hapa shabiki wa mpira lazima achanganyikiwe kidogo, maana pointi ni adhabu. Mwenye nyingi ndiye anayeburuza mkia.

MKONGWE WA MWAKA 1953

Lori linalopendwa na wenye mifuko ya kawaida ni Praga V3S. Herufi hizo kwa Kicheki zina maana ya lori maalumu la jeshi la tani tatu. Lilianza kutengenezwa mwaka 1953 na likaendelea hadi 1990, likiwa halijabadilika sana. Ukilisoma kwenye karatasi unaweza kucheka. Injini ya dizeli ya lita 7.4 inatoa nguvu farasi 98 tu, kiasi ambacho leo unakipata kwenye gari dogo la familia. Barabarani halifiki hata kilomita 70 kwa saa.

Sasa liangalie kwa chini. Ekseli zake hazikupita katikati ya gurudumu kama lori tulilozoea. Zimepandishwa juu, halafu kwenye kila gurudumu kuna gia zinazoshusha nguvu hadi chini. Matokeo yake uvungu ni kama sentimita 40. Jiwe linalomkwamisha mwenzake, yeye analipita kama halioni. Magurudumu yote sita yanavuta. Injini inapozwa kwa upepo, haina rejeta, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka wala mpira wa kupasuka katikati ya kilima.

Jeshi lililitaka liwe hivyo kwa sababu moja. Lori likifa porini, lazima kuruta wa miaka 19 aweze kulifufua kwa spana na nyundo, usiku, kwenye baridi. Hakuna kompyuta ya kuuliza. Sifa hiyohiyo ndiyo imelipa maisha ya pili.

Kaka yake mkubwa ni Tatra 813, magurudumu manane na yote yanavuta, injini ya V12 yenye zaidi ya lita 17, nayo inapozwa kwa upepo. Badala ya chesisi ya kawaida lina bomba nene la chuma katikati, shafti zinapita ndani humo, na kila nusu ekseli inapanda na kushuka kivyake. Kwa waliofuatilia Dakar, ni koo hiyohiyo ya Tatra iliyompa Karel Loprais ubingwa wa malori mara sita kati ya 1988 na 2001.

Mkataba wa kijeshi wa Warsaw ulipovunjika mwaka 1991, majeshi ya huko yakapunguzwa, na malori yakaanza kutoka maghalani kwenda kwa raia. Mchezo ukapata wachezaji.

GEREJI NDIYO MAZOEZI

Kununua ni sehemu rahisi. Lori lililolala ghalani miaka 20 linaweza kuwa na kilomita chache na bado likakuua. Anayeijua kazi haanzi na injini, anaanza na breki. Silinda za breki zinashika kutu, mipira yake inakauka, na hutalijua hilo mpaka uwe unashuka mteremko. Baada ya hapo tangi la dizeli linashushwa na kusafishwa, maana uchafu wake ukifika kwenye pampu na nozeli umeumia. Oli sili zinabadilishwa zote, hata zile ambazo hazivuji, kwa sababu zitavuja wiki ijayo. Tairi zinaweza kuwa na kashata nzima lakini pembeni zimepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Hizo hazina mjadala.

Halafu zile gia za magurudumuni. Kila moja ina oili yake, na kila ukivuka maji unatakiwa uichungulie. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mvivu anayesema ataangalia kesho ndiye utakayemwona kesho anavutwa kwa kamba.

Kinachofuata ni kulipunguza mwili. Bodi ya mizigo inatolewa, na kwenye kabini kinachomelewa kizimba cha mabomba ya chuma, kwa sababu kubiringika kwenye mchezo huu si habari ya kushangaza. Upepo wa tairi unapunguzwa ili zilale na kushika udongo. Loki ya difu inakaguliwa ifunge na ifunguke sawasawa. Ikigoma kufunga, gurudumu lililo hewani linazunguka bure na lile lililo chini linatazama tu.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanafunga turbo, wanaweka ekseli ya nyuma inayokata kona, mpaka kinachobaki cha jeshi ni jina. Hao wana daraja lao, na kwa macho wanavutia kuliko wote. Mimi bado namwona dereva wa gari la kawaida kuwa ndiye mchezaji. Yeye hana usukani wa nyuma wa kumwokoa. Inabidi asome kona kabla hajafika, kama kiungo anayejua pasi inakwenda wapi kabla mpira haujamfikia.

SPEA ZINAISHA

Tatizo ni hesabu. V3S ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1990, na mchezo huu unavunja vyuma kila wikiendi. Shafti iliyokatika inapata mwenzake kutoka lori lingine lililokatwa, na lori hilo halirudi tena. Kuna timu zinaweka malori mawili matatu nyuma ya gereji, yameota majani, kazi yake ni kutolewa viungo tu. Mwenye jicho anaanza kuchongesha vipuri mwenyewe kwa fundi mashine, ila gia si bolti, inataka chuma chake na moto wake.

Ndiyo maana jioni ya Jumamosi ni tamu kuliko mchana. Mashindano ni ya siku mbili. Aliyekatika ekseli mchana ana usiku mmoja. Utamkuta mpinzani wake amelala chini ya uvungu huohuo, ameshika tochi, na spea ametoa yeye. Asubuhi wanapanga foleni pamoja kwenye mlango wa kwanza, mikono bado ina grisi, na sasa kila mmoja anamwombea mwenzake aguse fito.